Kufuli Lililoganda Kipupwe

Mafuta ya nazi yakishaganda hayanuki sana. Yaache usiku kucha dirishani, asubuhi uikute chupa imekuwa nyeupe kama imetiwa samli, uifungue na kunusa: harufu yake ni ya mbali tu. Harufu hasa hutoka yakiguswa na moto, na hapo ndipo mimi hutoka jikoni. Mume wangu alishazoea. Akipasha mafuta ya kumpaka mtoto huniambia kwanza, "Mize, nenda kaangalie nguo kambani," nami nakwenda kuangalia nguo, hata kama kambani hakuna nguo.

Najua mtanicheka nikisema Pemba kuna baridi. Nyinyi mliolelewa Njombe na Lushoto chekeni tu, nawaruhusu. Lakini njooni Wingwi kipupwe, wakati kusi linapovuma tangu alfajiri na ardhi haijapata jua, mumuone mtu mzima amejitanda kanga mbili anatafuta pa kuota moto. Baridi yetu haigandishi maji, alhamdulillahi. Mafuta ya nazi ndiyo inayoyaweza, na mwaka ule yaliyoganda yalitosha kututia msiba nyumbani.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la makuti, na nyuma yake, kuvuka ua, kilikuwepo chumba cha peke yake chenye mlango unaotazama jiko. Humo alilala Bibi, mama yake mama yangu. Zamani humo ndimo nilimokuwa nikilala na mimi, nikikandamiza miguu yangu baridi kwenye mapaja yake, naye akinifukuza huku anacheka. Kisha Bibi akaanza kusahau. Alianza na vitu vidogo, chumvi akaitia mara mbili, kilemba cha marehemu babu akakitafuta nyumba nzima. Halafu akatusahau sisi.

Siku moja walimkuta baharini, maji yamemfika kifuani, mkononi ana kikapu, anasema anakwenda kuokota chaza na mama yake. Waliomtoa walisema maji ya bamvua yalikuwa yanajaa na wangechelewa kidogo tu wangemkosa. Mama hakulia mbele yao. Kesho yake akanunua kufuli.

Lilikuwa kufuli la shaba, zito, limejaa kiganja changu. Baba alilipigilia pete mlangoni, na kabla hajaondoka kwenda dago, kule kambini wanakovua kwa miezi, akakata kipande cha mpira wa tairi akakipigilia juu yake kiwe kama kope, kuzuia mvua na umande. Lakini hewa ya chumvi haizuiwi na mpira. Halikumaliza mwezi likaanza kuota kijani na kulia. Likifungwa lilitoa mlio mkali, kacha! Mlio ule Bibi aliujua. Hata awe amelala, akiusikia tu huinuka akaanza kugonga mlango kwa viganja, polepole, bila kusema neno, mpaka achoke.

Mimi nilikuwa namuogopa Bibi. Wacha niseme hivyo hivyo. Alikuwa akinitazama kama ananitafuta mtu mwingine usoni mwangu, akiniita kwa majina ya watu waliokwisha kuzikwa, na mara moja alinishika mkono asiniachie, ananiuliza nimempeleka wapi mtoto wake. Watoto wenzangu waliniambia kwamba bibi yangu hayumo tena, kilichomo ni kitu kingine kimevaa kanga zake. Niliwaamini. Na kwa vile Mama alikuwa na shamba la mwani, na maji yakitoka sana alfajiri wanawake wote wa mtaa wetu hushuka pwani, ufunguo nilipewa mimi. Niliuvaa shingoni, uzi mmoja na hirizi yangu.

"Jua likishapiga ukutani mfungulie bibi yako, umpe uji, ukae naye mpaka nije," Mama alikuwa akiniambia. "Wala usimwogope. Ndo bibi yako."

Kila asubuhi nilisimama mbele ya mlango ule. Nilisoma Kul'audhu zote mbili, nikajipulizia kifuani, ndipo nikatia ufunguo. Nilikuwa nikiomba kwa Mungu siku moja lile kufuli likatae, nipate kisingizio cha kumngoja Mama.

Jioni moja ya kipupwe nilimwona Mama amechuchumaa mlangoni kwa Bibi, ana ufunguo alioniazima na chupa yangu ya mafuta ya nywele. Alilipindua kufuli, akalimiminia mafuta tunduni, akalifunga na kulifungua, akalimiminia tena mpaka yakachuruzika. Nilinuna, maana mafuta yale alinipikia mimi na alikwisha kuniahidi misuko ya sikukuu.

"Yote hayo, Mama? Kwa kutu tu?"

Alilifunga tena na kulitegea sikio. Safari hii halikulia. Akashusha pumzi, akaingia ndani na kile kichupa kilichobaki robo.

Alfajiri ile baridi ilikuwa kali kuliko siku zote. Mama aliamka kwenda pwani, akapika uji akauacha mafigani, na kwa kuwa Bibi alikohoa usiku, akamwekea seredani ndogo ya makaa pembeni mwa chumba, mbali na kitanda, apate joto. Akafunga mlango. Sikusikia mlio wowote. Nilirudi kulala.

Kilichoniamsha ni kikohozi. Nilijifunika. Kikaendelea, kikawa kikavu, cha kukatakata, na katikati yake nikasikia viganja vinagonga mlango, lakini si polepole kama nilivyozoea. Nikatoka uani na ushungi mkononi. Jua bado halijafika ukutani. Kwenye upenyo wa juu wa mlango wa Bibi moshi ulikuwa unatoka, mweupe, mzito, unapanda kwenye makuti.

Nilikimbilia mlango, nikasahau hata Kul'audhu, nikatia ufunguo. Uliingia nusu ukakwama. Nikausukuma. Nikauzungusha, haukugeuka. Nikauchomoa nikautia tena kwa nguvu zangu zote, nikahisi kama nachoma kisu kwenye sabuni. Jamani, mimi niliyekuwa nikiomba kufuli likatae! Lilikubali kukataa siku ile.

"Moto! Jamani, moto!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Kuku walinijibu. Nyumba ya karibu ilikuwa ng'ambo ya shamba la muhogo na wenyewe nilijua wako pwani. Nikageuka nikimbie huko huko pwani nikamwite Mama. Nilikwisha kupiga hatua, nikasikia sauti nyuma ya mlango.

"Mama? Mama, ni weye?"

Ilikuwa sauti ya Bibi, lakini nyembamba, ya mtoto.

"Si Mama, Bibi. Ni mie, Mize!"

"Mize simjui." Akakohoa. "Mama, n'fungulie. Sirudii tena. Wallahi mama sirudii, n'fungulie."

Hofu niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa hofu ya kitu kilichovaa kanga za Bibi. Nilitazama chini. Chini ya mlango palikuwa na uwazi, na kwenye uwazi ule vilikuwa vimetokeza vidole, kucha zina hina ambayo Mama alimpaka wiki ile. Vilikuwa vinapapasa mchanga. Nikapiga magoti nikavishika, vikanishika na vyenyewe, kwa nguvu, kama mtoto anavyoshika kidole cha mtu. Kitu kingine hakinishiki hivyo. Alikuwa ni bibi yangu, na anaogopa kuliko mimi.

"Usende," alisema. "Mama, usende."

Nikasema, "Siendi."

Na hapo ndugu zangu nilikuwa nimejifunga. Kama siendi pwani, basi kufuli lile nilifungue mimi, na mimi ni mtoto wa darasa la tatu. Nilichota maji mtungini kwa kata nikayamwagia tunduni, nikidhani kuna mchanga nitausafisha. Maji ya mtungi alfajiri ya kipupwe! Nilipotia ufunguo haukuingia hata ile nusu. Nikapiga kufuli kwa jiwe, likanicheka. Nikalia sasa, kilio cha kweli, huku nalikwangua kwa ukucha, na ukucha ukatoka na kitu cheupe, kizito. Nikakisugua vidoleni. Kikayeyuka, vidole vikang'aa.

Nilikijua kile kitu. Kila asubuhi ya kipupwe Mama hukikwangua chupani kwa kijiti anaposuka nywele zangu, au akaishika chupa juu ya makaa mpaka kiwe maji. Kufuli halikuwa na kutu wala mchanga. Mafuta yangu ya nywele yalikuwa yameganda ndani yake, nami nimekwenda kuyazidishia baridi.

Nililikumbatia kwa viganja vyote viwili nikalipulizia pumzi mdomo umegusa shaba. Nikatia ufunguo, ukasogea kidogo. Ndani Bibi alikuwa hasemi tena, anakohoa tu, na moshi ulikuwa sasa unatokea chini, unapita juu ya vidole vyake. Pumzi yangu ilikuwa haitoshi. Moto ulikuwa jikoni, mafigani, chini ya uji.

"Nakwenda hapo tu, mwanangu," nikamwambia. Nilimwita mwanangu, na sikuona ajabu. "Lala chini. Weka mdomo hapa penye vidole, uvute hewa. Unanisikia? Mimi nipo."

Alipoona nimemwachia mkono alipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena duniani. Nilikimbia jikoni nikiita, "Nipo! Nipo! Nipo!" Nikauchomeka ufunguo kwenye makaa, nikasimama juu yake, naita nipo, nipo, huku mkojo umenitoka na sina habari. Kisha nikauopoa kwa koleo, nikaushika kwa pindo la gauni, nikarudi mbio.

Ulipoingia tunduni ulitoa sauti kama kitunguu kikitiwa kikaangoni. Na harufu ikatoka. Nazi, nazi tupu, tamu, kama watu wanapika mkate wa kumimina, na nyuma yake moshi. Ufunguo ukazama zaidi, ukapoa, ukakwama. Nikarudi jikoni, nipo, nipo. Nikarudi mlangoni. Pindo la gauni lilikuwa limeungua, ufunguo ukanigusa kidole gumba na cha shahada, nikauacha unichome maana nikiuachia utapoa. Mafuta yakatiririka kufulini yakanidondokea miguuni. Nilikwenda na kurudi, sijui mara ngapi, na kila nikirudi nikitazama kwanza vile vidole. Mara ya mwisho havikuwa vinapapasa.

Nikauzungusha ufunguo kwa mikono miwili. Ukageuka.

Kufuli lilifunguka bila mlio wowote. Nilivuta mlango, moshi ukanipiga usoni, na Bibi alikuwa amelala kizingitini, shavu kwenye mchanga. Nikamshika makwapani nikamburuta. Alikuwa mwepesi, sikutegemea. Nilimfikisha chini ya mnazi wa uani, nikampigapiga mgongoni kama nilivyoona mabibi wanavyopiga vichanga, akatapika, akavuta pumzi, akafumbua macho. Alinitazama. Sijui alimwona nani.

"Umechelewa," alisema.

Nikamlalia kifuani nikalia.

Wanawake walifika wakikimbia, wameuona moshi kutoka pwani, kanga zimeroa mpaka kiunoni. Waliburuta kitanda na godoro la sufi nje wakavimwagia maji. Kumbe Bibi aliivuta seredani akaisukuma chini ya kitanda, kama anavyowekewa mzazi akitoka kujifungua, na kamba za makumbi na sufi vikafuka. Makuti yalikuwa yameanza kuwa meusi. "Dakika chache tu hizi, lahaula," alisema jirani yetu Bi Riziki, halafu akageuka akaona sufuria mafigani. "Na uji mmeuunguza." Sikumchukia kwa hilo. Mtu akiogopa sana husema lolote.

Mama alikuja nyuma yao, mwani umemning'inia begani. Nilitegemea anikumbatie au anipige, yote mawili angeyaweza. Hakufanya hata moja. Alimgusa Bibi usoni, akanitazama vidole, kisha akaenda mlangoni akalichukua kufuli lililokuwa bado la moto. Akalinusa. Akasimama nalo hivyo, ametugeuzia mgongo. Halafu akaenda chooni akalitumbukiza shimoni na ufunguo wake. Tukamsikia huko analia kwa sauti, Mama ambaye hakulia hata walipomtoa Bibi baharini.

Tangu siku ile Bibi hakufungiwa. Alikwenda pwani na Mama, akakalishwa kwenye magunia ya mwani chini ya kivuli cha kanga, na pindo la kanga yake limefungwa kwenye la mmoja wetu. Zamu nyingi zilikuwa zangu. Sikumuogopa tena yeye. Niliogopa milango, na hadi leo chumba cha mgeni nikilala nauacha mlango wazi, watu wanadhani napenda upepo. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, mchana, ua umejaa watu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alitia mafuta kwa ajili ya kutu, na kwamba alikosea tu, kama angekosea mwanamke yeyote wa kwetu ambaye nywele, miguu mikavu, bawaba na mtoto mwenye mafua vyote dawa yake ni mafuta ya nazi. Sikujua zaidi ya hapo. Sasa Mama anakaa kwangu, Wete. Nyumba iko karibu na barabara ya bandarini, magari hayana huruma, na mwaka huu kipupwe kilipoingia alitoka mara mbili asijue anakwenda wapi. Mara ya pili alikutwa katikati ya barabara ameshika kikapu.

Nilikwenda duka la vyuma nikanunua kufuli. Nilirudi nalo limefungwa gazetini, nikalificha nyuma ya mchele kama nimeliiba. Mama aliingia jikoni. Ilikuwa moja ya zile siku zake nzuri. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mchele akalitoa, akalifungua lile gazeti, akalipima kwa kiganja.

"La mlango wangu hili?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Ulitie mafuta ya cherehani," alisema. "Ya nazi huganda."

"Mama, mie sitaki..."

"Sikiliza weye. Bibi yako akiusikia ule mlio anagonga, mie niko njiani kwenda pwani namsikia anagonga, mpaka nafika majini bado namsikia. Basi nikalitia mafuta ili lisilie. Nilitaka asijue kama n'namfungia." Alilifunga kufuli, kacha, akalifungua. "Nikamfungia kimya kimya kama mwizi. Kama lingelia asubuhi ile, angegonga hapo hapo, ningemsikia, ningerudi. Weye usinifanyie hivyo. Ukinifungia n'ambie. Na ufunguo usimpe mtoto."

Alilirudisha gazetini, akaniuliza mchele huu wa wapi, na baada ya muda akaniuliza tena.

Ninalitumia, sitawadanganya. Asubuhi nikienda sokoni na mume wangu yuko kazini, hakuna namna nyingine. Moto siachi, hata wa uvumba. Nikishalifunga nasimama, mkono bado uko juu yake kama nina miaka tisa, na nasema kwa sauti, "Mama, nimefunga. Ni mie Mize, narudi sasa hivi."

Siku nyingi anajibu, "Haya, mwanangu, n'mesikia." Nakwenda.

Juzi hakujibu hivyo. Chini ya mlango vilitokeza vidole.

Soko halikwendwa siku ile. Nilifungua, nikaketi naye kizingitini mpaka jua lilipopiga ukutani, nikimwambia nipo.